Dakika 22 za Newala

Korosho inayobanguliwa kwa mkono ina milio mitatu. Kuna kigongo kinachotua juu ya ganda, mlio mkavu. Kuna ganda linalofunguka, mlio mdogo kama kijiti kinachovunjika ndani ya pindo la kanga. Halafu kuna kiini kinachodondoka kwenye bakuli. Huo wa tatu karibu hausikiki, lakini ukiuondoa, mtazamaji anajua kuna kitu kimepungua hata kama hawezi kukitaja. Nimekaa na milio hiyo siku nne, hedifoni masikioni, chumbani kwangu Chikongola mjini Mtwara, nikihariri sini ya tisa ya filamu yangu fupi.

Kabla ya kubanguliwa, korosho huchomwa. Kwetu tunatumia bati lililotobolewa matundu, linawekwa juu ya moto wa kuni, korosho zinamwagwa humo na kugeuzwa kwa mti mrefu, maana karibu hapasogeleki. Ganda lina mafuta makali. Yakipata moto yanawaka na kutoa moshi mweusi unaobana kifua. Yakigusa ngozi yanaunguza na kuacha doa. Ndiyo maana wanawake hujipaka majivu mikononi kabla ya kuanza kupasua. Bibi yangu ameifanya kazi hiyo tangu akiwa mwari, na ncha za vidole vyake ni nyeusi mpaka leo, weusi usiotoka kwa sabuni yoyote.

Kwenye karatasi, sini ya tisa ni nusu ukurasa. Mama anabangua korosho barazani. Kaka yake anaingia, anasimama, anasema: "Yale magunia matatu usiyahesabu tena." Anaondoka. Mama anaendelea kubangua. Basi.

Katika kazi yetu ukurasa mmoja wa skripti huhesabiwa kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo hiyo ni nusu dakika. Nimeihangaikia nusu dakika hiyo tangu 2018. Na nikitaka kusema kweli kabisa, nimeihangaikia tangu nikiwa na miaka tisa.

Nimezaliwa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde. Kibanda cha video cha kwanza ninachokikumbuka kilikuwa cha makuti na maturubai, jenereta nje, mabenchi ya mbao ndani, watoto tukikaa chini mbele kabisa. Kando ya televisheni alisimama kijana ambaye kazi yake ilikuwa kututafsiria filamu za Kihindi. Kihindi hakukijua. Alikuwa anatazama sura za watu kwenye kioo, anasikiliza kama sauti imepanda au imeshuka, halafu anatuambia kwa Kiswahili wanachosema. Sisi tulimwamini.

Mikanda ilitoka Dar es Salaam kwa lori, na njia ya Dar ilipita kwenye kivuko cha Ndundu, mto Rufiji. Mvua ikikolea barabara ilikatika na malori yakalala njiani wiki nzima, pengine zaidi. Mwishoni mwa 1997, mvua za El Niño zilipotukalia, kibanda kilibaki na mkanda mmoja tu, na mkanda huo tuliutazama kila siku niliyopata hela ya kuingilia. Picha ilikuwa ileile. Maneno hayakuwa yaleyale. Leo baba alikuwa anamfukuza binti yake kwa sababu ya mahari, kesho sura ileile na mkono uleule ulionyooshwa kuelekea mlangoni vilikuwa vya baba anayemwambia binti akimbie kwa sababu maadui wanakuja. Siku baba alipomfukuza, nilimchukia. Siku alipomwokoa, nililia. Na mwigizaji hakuwa amebadilisha hata kope.

Hilo ndilo darasa langu la kwanza la uandishi wa filamu, na sijapata jingine lililolizidi. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, malori yakaanza kupita mwaka mzima, mikanda mipya ikaja kila wiki, halafu sidii, halafu memori kadi. Yule kijana aliacha kutafsiri akaenda kulima. Mimi nikateremka Mtwara mjini na kuanza kazi kwenye studio ya picha za pasipoti na video za harusi.

Harusi za kusini hufuata korosho. Minada ikishaanza na hela ikishaingia, mwezi wa kumi na moja mpaka wa kwanza, kuna wikiendi nilishuti send-off Ijumaa, harusi Jumamosi na shughuli nyingine Jumapili. Kazi hiyo haina heshima kubwa mbele ya watu wa filamu, na mimi naiheshimu sana. Imenifundisha kusimama saa tano bila kutikisa kamera. Imenifundisha kwamba mama wa bibi harusi halii pale watu wanapotegemea, wakati wa kuaga; analia mapema, anapokunja nguo. Imenifundisha hata mambo ya umeme: umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo ukiiacha kamera kwenye fremu 30 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, ya 1/60 chini ya taa za tyubu, picha inacheza michirizi, ukiweka fremu 25 na shata ya 1/50, inatulia. Sikuambiwa na mtu. Niliharibu kanda ya harusi ya watu Shangani ndipo nikajua, nikarudisha hela yao yote, na bado nikikutana nao sokoni nawaomba radhi.

Filamu yangu ya kwanza ndefu niliifanya 2014. Dakika 90 na zaidi, ikakatwa sehemu ya kwanza na ya pili kama filamu zote za wakati ule, maana ukiuza DVD mbili unalipwa kwa mbili. Niliandika skripti mwenyewe kwenye daftari, tukashuti Mikindani na Mtwara mjini kwa siku kumi na moja. Msambazaji mmoja wa Dar alikubali kuinunua kwa masharti mawili. La kwanza, niongeze mtu wa kuchekesha: mlinzi Mmakonde, asiyejua mjini, anayevuruga Kiswahili. Kila filamu iliyouza wakati ule ilikuwa naye, akasema. La pili, nisaini mkataba.

Niliongeza mlinzi. Nilimwandikia maneno mimi, binti wa Newala, kwa lafudhi ambayo sijawahi kuisikia mdomoni mwa mtu yeyote wa kwetu, lafudhi niliyoijua kutoka kwenye televisheni. Na mkataba wenyewe ulikuwa ukurasa mmoja: haki zote, nchi zote, muda wote, kwa shilingi milioni 3. Nilisaini nimesimama kaunta. Filamu ilipokuja kuonyeshwa baadaye, jina langu halikuwepo mwanzoni wala mwishoni. Wakili niliyempata baada ya miaka ndiye aliyenieleza kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatenganisha haki za kiuchumi na haki za kimaadili. Ukiuza haki ya kunakili na kusambaza, bado unabaki na haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiye uliyeitunga kazi. Kijana yeyote anayesoma hapa akiwa na mkataba mezani, naomba asisaini leo. Alale nao, aupeleke kwa mtu anayejua sheria, ndipo arudi.

Lakini kilichoniuma zaidi kilitokea sebuleni kwa bibi. Nilimpelekea DVD kwa furaha, tukakaa, akaangalia kimya. Mlinzi alipotokea na kusema yale maneno, vijana waliokuwepo wakacheka. Bibi akaniuliza:

"Huyu mlinzi ni mtu wa wapi?"

"Wa huku, bibi."

"Huku wapi?"

Aliuliza kwa dhati. Alikuwa anajaribu kumtambua, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia uani na kutafuta ukoo wake usoni, na hakumpata. Nikazima, nikasema umeme una shida. Sikuandika chochote kwa karibu miaka minne.

Kilichonirudisha ni kangomba. Msomaji wa kusini haelezwi, ila kwa wa mbali: tangu msimu wa 2007 korosho zetu huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unaenda ghala kuu, wanunuzi wanashindana mnadani, na malipo yanakuja baadaye. Katikati ya kupeleka na kulipwa kuna wiki za kungoja, na kabla yake kuna miezi ambayo mtoto anaumwa, ada inadaiwa, salfa ya kupulizia mikorosho inatakiwa. Kangomba anaishi kwenye pengo hilo. Anakuja na hela taslimu usiku, anachukua korosho, au anachukua ahadi ya korosho, kwa bei anayoitaka yeye. Novemba 2018 Serikali ilikataa bei za wanunuzi, ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kusomba. Yakafuata mahojiano ya nani ana shamba na nani hana, ekari ngapi, magunia mangapi. Nilikuwa Newala wiki zile, msibani. Na msibani nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia chumvi, kwamba magunia yake alishayahesabu na hayatimii, na anayejua yalipo ni kaka yake.

Kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba ana sauti ambayo baba mzazi hana. Ndoa, jando, ugomvi wa shamba, vyote vinapita kwake. Mjomba anayemuuza dada yake kwa kangomba si mwizi wa kawaida. Ni nguzo ya nyumba inayokula nyumba. Nilirudi Mtwara nikiwa nimeshika daftari mapajani kwenye basi, na njia nzima sikuandika hata neno, niliogopa kuliharibu.

Safari hii niliamua kusikia kwanza. Mwaka mzima nilikuwa napanda Newala na Tandahimba kila nikipata nafasi, nakaa ghalani siku za kupima, nakaa vilabuni wanapokunywa uraka, pombe ya mabibo, nakaa jikoni. Nikaona kwamba watu wa kwetu wakiwa kwenye jambo zito hawaongezi maneno, wanapunguza. Hawasemi "umeniibia". Wanasema "yale magunia". Skripti yangu ya kwanza ilikuwa kurasa 41, watu wakielezana hasira zao kwa sentensi ndefu safi. Ya mwisho ilikuwa kurasa 19, na filamu ikatoka dakika 22, kwa sababu ukimya hauchukui nafasi kwenye karatasi.

Swali la lugha lilininyima usingizi. Bibi na wenzake nyumbani wanaongea Kimakonde, Kiswahili ni cha sokoni, cha ofisini na cha wajukuu. Nilisoma habari za Ousmane Sembène wa Senegal, aliyekuwa kuli bandarini Marseille, akawa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa, kisha akaingia sinema ili afike kwa watu wake wasiosoma vitabu. 1968 akatoa filamu ndefu kwa Kiwolof. Nikajiuliza mimi nangoja nini. Mwisho niliwaacha watu wangu wafanye kama wanavyofanya maishani. Mama na bibi wanasemezana Kimakonde, mjomba anaingia na Kiswahili, maana amekuja na habari za hela. Sikuandika maelezo yoyote ya hilo kwenye skripti. Waigizaji walilielewa kabla sijafungua mdomo.

Ilikuwepo pia sini ya unyago. Binti wa yule mama anatoka unyagoni siku magunia yanapopotea. Mimi nimechezwa, naujua mlango ule na vilivyo nyuma yake, na nilikuwa nimeandika kurasa mbili za ndani. Nikaenda kwa kungwi kumwomba ruhusa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nani ataitazama hiyo picha?"

"Watu wote, bibi."

"Sasa unaniuliza nini mimi?"

Akanikaribisha ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, tukala, tukaongea mambo mengine. Nilizichana kurasa zote mbili siku ileile. Kwenye filamu utaona pazia la kanga mlangoni na kandambili zilizopangwa nje, kumi na saba, na ngoma inasikika kutoka mbali. Wanawake wa kusini wakiiona sini hiyo hujiweka sawa kwenye viti. Wengine wanaona kandambili. Naona ni sawa kabisa.

Tulishuti siku sita, mwezi wa kumi na moja 2022, watu wanane, kamera moja ya kuazima. Fedha zilikuwa za harusi na za vipindi vya kampeni za afya nilivyovifanya katikati. Barua kwa mtendaji wa kijiji, barua kwa mwenyekiti, kibali. Sheria ya filamu ya 1976 na marekebisho yake haimsamehi mtu kwa sababu filamu ni fupi. Hayo yalikwenda vizuri.

Kilichotushinda ni mwanga. Sini ya mwisho niliiandika Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde likafunguka kuelekea Ruvuma na Msumbiji. Niliandika mazungumzo ya mama na binti, mistari kumi na minne, jua likizama. Huku kwetu jua halizami taratibu. Likishagusa ukingo una dakika kama 20, halafu giza limekukalia. Upepo nao ulikuwa unapanda kutoka bondeni, tukafunika maiki kwa manyoya, bado ikawa inavuma. Tukapata shoti mbili kati ya tano. Nilisimama pale nikiona bonde linapotea, mwigizaji ananitazama, nikamwambia aache mistari yote, amkabidhi binti mtungi, basi. Yeye alikabidhi, binti akaupokea kwa mikono miwili kama tunavyopokea kitu kwa mkubwa, na mikono ile miwili sikuiandika. Ndiyo mwisho wa filamu sasa.

Sini ya tisa ilikuwa na shida nyingine. Dada aliyeigiza mama ni wa Mtwara mjini, na vidole vyake vilikuwa safi. Mwanzo nilipanga kuazima mikono ya jirani kwa shoti za karibu, lakini mikono ya jirani na ya dada isingeonekana ya mtu mmoja na kila mwanamke wa Newala angeona. Basi akakaa kwa bibi wiki tatu, akachoma, akapaka majivu, akapasua. Aliungua mara mbili. Kufikia siku ya kushuti, ncha za vidole zilikuwa zimeshika rangi.

Picha ikatoka vizuri. Sauti ikaharibika yote: kila teki ina bodaboda inapita, na sikuwa nimerekodi hata sekunde 30 za ukimya wa baraza lile za kuzibia. Mwaka uliofuata, korosho mpya zilipokuja, nilipanda tena na kinasa sauti tu. Dada alikuwa safarini. Bibi akasema atapasua yeye. Alikaa mkekani, mimi nikashika maiki karibu na magoti yake, tukafukuza kuku, na kwa muda wa nusu saa sikusikia kitu kingine duniani. Alikuwa na mwendo wake: mbili za haraka, moja ya kungoja. Ili mikono ya mwigizaji ilingane na mlio wa bibi ilinibidi kuikata sini upya, pigo kwa pigo. Ndizo zile siku nne.

Agosti 2024 tuliionyesha Newala, uwanja wa shule, shuka mbili zilizoshonwa pamoja zikafungwa kwenye milingoti ya goli. Mikorosho ilikuwa na maua, salfa inanukia hewani. Sini ya tisa ilipofika, akina mama wa mbele wakaanza kumsahihisha mwigizaji kwa sauti, kwamba kigongo ameshika juu mno. Ilipoisha wakataka irudiwe tangu mwanzo, na mafuta ya jenereta yalikuwa yanatosha.

Mara ya pili nilihama kutoka kwenye mashine nikaenda kukaa mkekani nyuma ya bibi. Pembeni yake alikuwa mwenzake wa siku nyingi ambaye Kiswahili kinampiga chenga, na bibi alikuwa anamtafsiria kwa Kimakonde, sauti ya chini. Mjomba akaingia barazani, akasema maneno yake, na bibi akayasema, marefu kidogo kuliko nilivyoandika. Akaondoka. Kwenye shuka mama aliinamia bakuli, anapasua, mbili za haraka, moja ya kungoja. Hapo hakuna maneno. Bibi akaendelea kutafsiri. Alimpa yule mama jibu.

"Nilishayahesabu."

Mwenzake akaguna, akaitikia kwa kichwa. Nikawasha tochi ya simu, nikatafuta kalamu.